Jumatatu ya malipo

Mwezi wa tisa, 2022, nilikuwa nahudumia kompyuta za chama kidogo cha akiba na mikopo pale Nkuhungu, Dodoma. Kusema "kompyuta" kama vile zilikuwa nyingi ni kujikweza, zilikuwa mbili. Moja ya Mama Mhasibu. Nyingine ni Dell kuukuu niliyoigeuza seva, ikakaa juu ya kabati la chuma na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa hicho nilikikataza mara tatu kwa sababu ya joto, na kila nikiondoka kilirudi. Siwezi kumlaumu Mama. Upepo wa Dodoma mwezi huo unaanza asubuhi, na kila nilipoifungua ile Dell nilikung'uta vumbi jekundu la kutosha kupandia mche.

Ndani yake kulikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, niliousimika mimi mwenyewe. Wakati wa kugawa diski nilijua kwamba eneo la /boot, pale kinapokaa kiini cha mfumo, yaani kerneli, linaweza kutengwa peke yake. Nisichojua ni kwamba linatakiwa liwe kubwa kiasi gani. Nikalitengea megabaiti 300, nikajiona fundi.

Jumamosi moja alasiri nikaamua kusasisha mfumo. Kerneli ilikuwa inatoka toleo la 5.13 kwenda 5.15. Huku mistari ikikimbia kwenye skrini nilikuwa na simu sikioni, kuna mtu ananiuliza nimefika wapi, mpira unaanza. Kwa pembe ya jicho niliona kitu chekundu kimepita. Nikaandika tena amri ileile, ikalalamika tena, nikapiga update-grub, amri ya kupanga upya orodha ya kerneli za kuwashia, kwa mazoea, nikawasha upya, nikafunga mlango nyuma yangu. Sikusubiri kuona kama imewaka. Bajaji ilikuwa inanisubiri nje.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hili likompyuta lako limeandika maneno meupe mpaka chini, halisogei. Na leo ni malipo."

Malipo maana yake fedha za zabibu. Wanachama wetu wengi walikuwa wakulima wa Mpunguzi na Mbabala, na fedha za mavuno zilipitia kwetu. Hapo nikasema sentensi iliyonitoka bila kufikiri: "Itakuwa umeme mama, ulikatika wikiendi ukarudi ghafla."

"Ehee," akasema. Hakuongeza neno.

Nilipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa. Wazee wanaamkiana "mbukwa", wengine wameshusha mabegi, wote wakanitazama kama daktari aliyechelewa kuingia wodini. Kwenye skrini mstari wa mwisho ulikuwa na maneno "Kernel panic", na juu yake kidogo malalamiko kwamba haiwezi kupata diski kuu, kwenye "unknown-block(0,0)". Zile sifuri mbili nilizifahamu baadaye sana. Maana yake kerneli imeamka lakini haioni diski yoyote, kama mtu aliyeamka gizani bila tochi. Tochi yenyewe ni faili linaloitwa initrd, ambalo kerneli hubebeshwa ili iwe na draiva, yaani programu za kuongea na vifaa, na zana za kuitafutia diski. Likikosekana, safari inaishia hapo.

Nikazima, nikawasha huku nimeshikilia kitufe cha Shift. Menyu ya GRUB, ile orodha ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ikatokea, nikaingia kwenye chaguo za ziada, nikachagua 5.13. Ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Hapa ndipo ninapojichukia kidogo. Mtu mwenye akili angeiacha 5.13 iendelee, watu walipwe, mengine jioni. Mimi nilikuwa na miaka 26 na watu wananitazama dirishani. Nikataka ile mpya iwake. Mama akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia, "Bado kidogo mama." Akafungua droo, akatoa kaunta buku, akapiga mistari kwa rula na kuita jina la kwanza.

Nikaangalia nafasi ya /boot: asilimia 100. Nikaorodhesha vilivyomo. Kulikuwa na kerneli nne, kila moja na initrd yake, isipokuwa ya 5.15. Kerneli ilikuwepo, initrd hapana. Nikafungua /var/log/apt/term.log, faili linalotunza kila kilichoandikwa kwenye skrini wakati wa kusasisha. Kilichopita chekundu Jumamosi kilikuwepo, na saa yake, na maelezo yake kamili kwamba nafasi imeisha. Kilikuwepo mara mbili, kwa sababu niliirudia amri. Kompyuta ilikuwa imenieleza tatizo, sababu na mahali, nami nilikuwa nasikiliza simu. Na ile update-grub ya mazoea ndiyo iliyoiweka kerneli isiyo na initrd juu kabisa ya orodha.

Kutengeneza kulikuwa rahisi hadi aibu. Nikaandika uname -r kuhakikisha natumia ipi, maana kufuta kerneli unayoitumia ni kukata tawi ulilokalia. Nikaondoa mbili za zamani, nikaibakiza 5.13, nikaruhusu dpkg, programu inayosimika vifurushi, imalizie kazi iliyoikatisha, initrd ikatengenezwa, nikasasisha GRUB. Kuwasha: 5.15, safi. Nikasimama. Nusura nipige makofi.

Mama akajaribu kuingia kwenye mfumo wa chama. Hakuna mtandao.

Seva ilikuwa inaongea na kompyuta yake kupitia kidude cha wai-fai cha USB, kwa kuwa waya wa kwanza panya waliutafuna. Draiva ya kidude hicho niliitengeneza kwa mkono miezi kadhaa nyuma, nikiwa kwenye kerneli ya zamani. Draiva za aina hiyo hukaa kwenye folda yenye jina la kerneli iliyotengenezewa. Kerneli mpya haiingii huko hata kunusa. Nikajaribu kuitengeneza upya, msimbo wake wa zamani ukaikataa 5.15 kwa makosa ukurasa mzima. Nikachomeka simu yangu kwa waya wa kuchajia, nikaifanya iwe modemu, bando likaanza kuyeyuka. Nikapata msimbo mpya zaidi, na safari hii nikaupitisha kwenye DKMS, ambayo huitengeneza draiva upyaupya kila kerneli inapobadilika. Ilipoungana ilikuwa saa saba kasoro.

Nje hapakuwa na mtu. Benchi tupu, maganda ya karanga chini. Mama alikuwa amewalipa wote kwa kaunta buku, kila mmoja ameweka sahihi au dole gumba.

Kwa hiyo mchana ule kazi yangu ikawa kuingiza kwenye mfumo kilichoandikwa kwenye daftari. Yeye anasoma, mimi nabonyeza. Namba ya mwanachama, kiasi, namba ya mwanachama, kiasi. Chapati zililetwa, tukala huku tunaendelea.

Lile daftari lilikuwa na kazi mbili. Mbele malipo, nyuma orodha ya jenereta: siku, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita za petroli, kwa mwandiko wa babu mlinzi, maana Mama hakuruhusu hata lita moja ipite bila maandishi. Umeme usipokatika, babu aliandika hivyohivyo: "upo". Mama alipofunua kutafuta karatasi iliyoshikana, likafunuka upande wa nyuma. Akasogeza miwani. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

"Hapa upo," alisema. "Na hapa upo. Na hapa."

Nilikuwa natazama kibodi.

Akaligeuza daftari upande wa mbele, akalinyoosha kwa kiganja. "Mia mbili kumi na nne," akasoma. "Laki moja na themanini."