Msituni hatukimbizani
Ndugu zangu, wengi huingia msituni kwa mwendo wa kuwahi basi, halafu hushangaa mbona wametoka na uchovu tu. Kinachotuliza mwili ni upole: kilomita moja au mbili kwa saa mbili zinatosha kabisa. Simu izimwe. Ukiinyamazisha tu, mkono utaitafuta.

Tembea dakika 10, kisha kaa chini ya mti dakika 20 hivi. Vuta hewa kwa pua, uitoe taratibu kuliko ulivyoivuta; hapo ndipo mapigo ya moyo hutulia. Tafuta sauti iliyo mbali kuliko zote, kisha iliyo karibu. Wajapani waliuita utaratibu huu shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, mwaka 1982.

Mgonjwa asiyeweza kutembea msimwache nyuma. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alionyesha kuwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo na kulazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta. Msogezeeni kitanda dirishani, leo hii.

Na anayetumia dawa za sonona, tafadhali, asiziache kwa sababu ya msitu.