Ukoo wa Chen na sisi akina Mwa

Jana Mwanjelwa, Mbeya, nimekaa na jamaa mmoja Mchina anauza vipuri vya pikipiki, stori zikaangukia majina ya ukoo. Yeye ni Chen. Akachukua peni akaliandika juu ya boksi la tairi, 陈, mistari saba tu, taratibu kabisa.

Sasa kumbe Chen ilikuwa nchi jamani! Mfalme Wu wa utawala wa Zhou huko China alipowaangusha watawala wa Shang, miaka 1000 na ushee kabla ya Kristo, akampa Gui Man eneo lile atawale, huyu anahesabiwa kizazi cha Shun mfalme wa kale, na mji wao ndo Huaiyang ya leo, jimbo la Henan. Karne ya 5 KK jirani zao, nchi ya Chu, wakaimeza nchi yote, watu wakabaki na jina lake kama ukoo. Wachina wa kusini wanalitamka tofauti, Wakantoni wanasema Chan, Wahokkien Tan, Vietnam Trần, ila herufi asili ni moja.

Nikamwambia na sisi Wanyakyusa ile Mwa ya mwanzoni inataja babu uliyetokea kwake. Akaniuliza babu yangu wa saba aliitwa nani, nikakwama kwa wa nne. Iliniuma kweli. Jumamosi naenda Tukuyu kwa bibi na daftari.