Usiku wa Ombaomba

Mwaka 2018, tukiwa na miezi saba tu Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, mzee jirani aliniita uzioni akaniuliza kama wanangu wameshaandaa vichekesho. Sikumwelewa. Akanieleza kuwa mjini kwao, miaka hiyo, watoto walikuwa wakiomba pipi za Halloween, sikukuu ya kuvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba, tarehe 30 Oktoba, si 31, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, na usiku huo wanauita wa ombaomba. Ulianzishwa miaka ya 1930 kuwatuliza vijana waliokuwa wakiharibu mali za watu, na mtoto hapewi pipi mpaka aseme kichekesho. Nikajisemea, angalau hicho hakinunuliwi. Tulikuwa tumetenga dola 25 kwa watoto watatu.

Boga la dola 4, la kuchongwa uso na kuwashwa taa ndani kama desturi yao, nililikata siku nane kabla, nikaliweka sebuleni nilifurahie. Kifuniko nilikikata wima, kikadumbukia ndani. Kisu hulazwa, ncha ikielekea katikati ya boga, ndipo kifuniko kikae kama kizibo. Na ukate pengo dogo ukingoni la kuonyesha kinapoingia, la sivyo utakizungusha mpaka uchoke. Upande wa uso nao sikuukwangua vya kutosha, kisu kikakwama kwenye meno. Ukibaki unene wa sentimita mbili na nusu hivi, kinapita. Siku ya tano joto la hita lilikuwa limemaliza kazi: machoni ukungu mweupe, kidevu kimelegea, maji yanachuruzika kwenye zulia la mwenye nyumba. La pili nililikata tarehe 29 na kuliacha nje barazani kwenye baridi. Nyama yake nikaipika kwa nazi, ikatoka maji matupu yenye nyuzi, maana yale maboga makubwa ya kuchonga hayana utamu. Mbegu ndizo zilizofidia: nilizichemsha dakika kumi kwenye maji ya chumvi, nikazikausha kwa kitambaa, kisha ovenini nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika ishirini. Usipozikausha zinakuwa ngumu kutafuna.

Kifungua mimba alitaka kuwa roboti. Boksi tulikuwa nalo tangu tuhamie. Foili na selotepu, dola 2. Foili huchanika ukiivuta kona za boksi, kwa hiyo nilibandika vipande vidogo vinavyolaliana, kama vigae. Mikono nilimpimia akiwa na fulana. Jioni ya tarehe 30 alipovaa koti la baridi, mabega hayakupita, nikapanua matundu kwa kisu cha jikoni huku wenzake wakinisubiri mlangoni. Sehemu ya chini nayo nikaikata hadi kiunoni, kwani alikuwa haoni miguu yake kwenye ngazi.

Wa pili alikuwa mzimu. (Mama yangu, kwenye simu: “Mizimu mmeikimbia huku, mnaivaa huko?”) Shuka na kapelo vilitoka duka la mitumba, dola 5 vyote. Shuka likifunikwa hivi hivi huzunguka, na matundu ya macho yanaishia sikioni. Mke wangu alilishonea juu ya kapelo, akakata nafasi ya uso chini ya ukingo wake, akapinda upindo uishie vifundoni. Kitinda mimba alifungwa khanga na kilemba, akashika kikapu: bibi wa sokoni, gharama sifuri.

Taa ya barazani ikiwaka, maana yake karibuni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule mzee. Mzimu akasimama mbele yake akasema kwa Kiswahili, “Kitendawili!” Mzee kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Ikabidi sisi nyuma tuitikie, “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango,” akatega. Nikatafsiri. Mzee akafikiri kwa dhati, pipi mkononi, akajaribu jela, akajaribu kaburi. “Umeshindwa, nipe mji!” Nilipomweleza kwamba asiyejua jibu hutoa mji, akatoa Chicago bila kusita. Mwanangu akaipokea Chicago, akamwambia ni yai, kisha akachukua na pipi.

Nyumbani mke wangu alikuwa na mifuko miwili ya pipi, dola 10, kama 150 kwa jumla, na kwa mkono wa ukarimu wa kwao Tanga aligawa kwa gao. Saa moja na dakika kumi zilikwisha. Akazima taa, akakaa gizani na boga linawaka, huku watoto wakipanda ngazi na kushuka. Mbili mbili kwa mtoto zingefika saa mbili.

Tuliporudi tulimwaga kikapu na foronya mbili sakafuni (mifuko ya plastiki huchanika), tukatenga zilizofunguka. Zilizobaki zilizidi tulizogawa. Mke wangu akazitazama, akawasha taa tena. Saa mbili kasoro dakika tano, mlango ukagongwa.