Pampu ilizunguka kavu kwa sababu ya majina marefu

Wiki mbili nzima naambiwa nibadilishe sensa, kile kifaa kinachopima maji tangini. Fundi wa kwanza kasema sensa, wa pili kasema sensa, nami nikanunua mbili, elfu tatu na kitu, na pampu ikaendelea kuzunguka kavu. Mama mwenye nyumba kule Kisauni alinipigia saa nane usiku: "Mwanangu, pampu yako yanguruma na tangi la chini halina maji. Itaungua hii!"

Kidhibiti, kifaa cha kuiwasha na kuizima pampu hiyo inayopandisha maji paani, nilikiunda mwenyewe. Tangi la ardhini likishuka hadi asilimia 30, pampu isimame. La paani likibaki na asilimia 10, ianze kujaza. Namba hizo zimo kwenye faili ya mipangilio, kila moja na komenti (maelezo ya pembeni ya msimbo) yake ya `// <o>`, zile za Configuration Wizard, menyu ya mipangilio iliyo ndani ya Keil, programu ya kuandikia msimbo wa vifaa kama hivi, ili fundi azibadilishe kwenye menyu bila kugusa msimbo. Menyu ilionyesha 30 na 10 sawasawa. Basi faili ile sikuishuku hata kidogo.

Siku ya Jumapili nikaweka ndoo mbili barazani, sensa moja kila ndoo, nikawa napunguza maji kwa kikombe. Ndoo ya chini ilipita 30, ikapita 20, kimya. Ilipogusa 10, taa ya pampu ikazima. Kumi ni namba ya paani! Nikabadilisha nafasi za mistari miwili ya namba hizo kwenye faili, ya juu ikaenda chini. Sasa ndoo zote mbili zikafuata 30. Niliruka kwa furaha, maana hapo sensa zilikuwa zimetoka kwenye kesi.

Makro zangu, yaani majina yanayobeba namba hizo kwenye msimbo, zilikuwa hizi:

`KIWANGO_CHA_CHINI_CHA_MAJI_TANGI_LA_ARDHINI`
`KIWANGO_CHA_CHINI_CHA_MAJI_TANGI_LA_PAANI`

Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) niliyorithi kwenye mradi ni ya zamani, inafuata C90, toleo la zamani la kanuni za lugha ya C, na C90 inaahidi kutambua herufi 31 za mwanzo tu za kila jina. (C99, toleo la baadaye, ilipandisha hadi 63.) Hesabu mwenyewe: ya 31 ni G ya TANGI. Zilizobaki zinatupwa, majina yanakuwa moja, la mwisho linashinda. Onyo lilitolewa, likazama kati ya maonyo mengine ambayo sikuyasoma.

Kiswahili chetu kinatanguliza jina, sifa zinafuata nyuma, kwa hiyo tofauti hukaa mkiani, palepale panapokatwa. Nikaitanguliza tofauti: `ARDHINI_KIWANGO_CHINI`, `PAANI_KIWANGO_CHINI`. Maelezo marefu nimeyaacha kwenye lebo ya komenti (maneno yanayoonekana kwenye menyu), ambayo kompaila haiisomi. Ila lebo nazo usizitie alama ya <, ndiyo inayofungua tagi. Andika "chini ya". Na mstari unaoanzisha menyu uwe ndani ya mistari 100 ya kwanza ya faili, usije ukausukuma chini kwa maneno ya leseni.

Sensa mbili nilizonunua ni nzima. Moja nimeifunga kwenye tangi la nyumbani kwetu.