Tope la sueji ni mbolea, lakini hesabu yake mnaifanya vipi?

Kila gugumaji likiziba ghuba hapa Kisumu na maboti yakikwama, watu wanaanza kulaumu ziwa kana kwamba limejilisha lenyewe. Chakula cha hilo gugu, yaani naitrojeni na fosforasi, kinatoka huko juu jameni, kwa mashamba na kwa sueji, kinateremka na mito ya Nyando na Nzoia na Sondu, na Kisat pia unaopita hapa hapa taoni.

Sasa kuna hii mambo ya tope la sueji, lile jeusi linalokaushwa penye majitaka husafishwa. DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, ni ghali, so naelewa kwa nini mkulima analitaka, na ni mbolea kweli, sikatai. Lakini mtu anaona mahindi yamekuwa njano, anajua yanataka naitrojeni, anamwaga tope mpaka naitrojeni itoshe, na kumbe hapo fosforasi imeshapita kiasi maana tope huwa na fosforasi nyingi kuliko mahindi yanavyoweza kutumia ukilinganisha na naitrojeni yake, afu msimu ukifika anapanda na DAP vile vile, 18 kwa 46, hiyo 18 ikiwa naitrojeni na 46 ikiwa fosfeti, yaani fosforasi tena. Ni kumpakulia mtu ameshashiba.

Na fosforasi haiyeyuki ikaenda haraka kama naitrojeni, inashikana na udongo. Kwa hivyo Nyando ikifurika na kuwa kahawia, ule udongo ndio umebeba mbolea yako mpaka ziwani. Ndio maana kuzuia udongo kunasaidia kushinda hata kupunguza magunia. Sheria yetu inasema usilime karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutegemea mto wenyewe, lakini nani anafuata? Pale kando ndipo sukuma inaota hata Januari, kwa hivyo kumwambia mtu aache tu ni kupoteza wakati. Mwambie apande napia hapo, inashika udongo na ng'ombe anakula. Na mbolea au tope usimwage juu juu mvua ikiwa imekaribia, lifukie.

Ya afya pia siwezi kuruka. Mayai ya minyoo yanaishi kwa tope miezi na miezi, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka lisizidi yai 1 kwa gramu ya tope kavu, kwa hivyo kwa mboga za kuliwa mbichi mimi nasema hapana kabisa. Na kama sueji yenyewe inapokea maji ya viwanda kuna metali humo, hizo hazikauki zikaisha.

Nakuru kampuni ya maji ilianza kutengeneza makaa kutokana na kinyesi kilichokaushwa, na pale ilikuwa busara maana Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, kinachoingia kinabaki. Mimi ningependa tujaribu hiyo huku pia kabla ya kujaza malori kupeleka shambani. Na ukiletewa lori la tope leo, uliza tope limekauka muda gani na limepimwa nini, na upime udongo wako kwanza, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wanapima.