Ufunguo wa muzigo

Mwaka 2020 masoko yote yalipofungwa kwa ajili ya korona isipokuwa ya chakula, mimi nilikuwa nauza viatu vya mtumba pale soko la Owino, Kampala, tena nilikuwa tayari nadaiwa kodi. Mwezi wa nne mwenye nyumba akapiga kufuli lake juu ya langu. Vitu ndani, mimi nje na begi moja.

Tunaambiwa kaeni nyumbani, saa moja jioni kafyu, sasa nyumbani wapi? Nililala kwenye baraza za maduka mtaa wa Kisenyi karibu mwezi mzima, usingizi wa jicho moja, doria ikipita unakimbilia uchochoroni unarudi maboksi yamelowa. Posho, yaani unga wa mahindi, na maharage viligawiwa nyumba kwa nyumba, mimi nikihesabiwa mlango gani? Na mtu asiyelala jamani akili haifanyi kazi, mchana nilikuwa nakaa tu natazama magari.

Asubuhi moja Hajati mmoja mteja wangu akanikuta nakunja maboksi. Hakuniuliza kama nakunywa wala nimekosana na nani. Akasema, "Mwanangu, kwanza ulale ndani, mengine tutaongea." Yeye na wamama wenzake wa chama walichanga wakanilipia muzigo, chumba kimoja tu, miezi mitatu mbele, maana huku wenye nyumba hawakupi chumba bila pesa ya mbele na hapo ndipo wengi tunapokwama, kodi ya mwezi unaweza kuitafuta lakini ile ya kuingilia unaitoa wapi ukiwa barazani?

Nikapewa ufunguo baada ya alasiri. Nikafunga mlango kwa ndani, nikaufungua, nikaufunga tena. Nilijilaza kwenye sakafu nikashtushwa kesho yake karibu adhuhuri Hajati anagonga akiita jina langu, alidhani nimekufa. Nililia mbele yake, sikuona aibu.

Wiki iliyofuata nikasikia kuna kazi ya kulinda stoo ya mahindi, lakini wanataka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Kabla ya hapo barua hiyo ningeipataje, mwenyekiti aandike naishi baraza ya nani? Nilienda kwake nimeoga, shati limefuliwa. Akaniuliza, "Wewe unakaa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, ule mlango wa kijani pale mzee, wa tatu kutoka bombani. Akatazama, akachukua mhuri.