Siku moja maishani mwangu: fundi wa jukwaa Concertgebouw, Amsterdam, Jumatano ya vuli

Wengi mmekuwa mkiniuliza huku Uholanzi nafanya kazi gani hasa, maana nikisema niko ukumbi wa muziki wa Concertgebouw mnadhani napiga chombo au nakata tiketi mlangoni. Mimi ni fundi wa jukwaa. Wale watu wa nguo nyeusi mnaowaona wanapita na viti na stendi za noti halafu wanapotea kabla muziki haujaanza, ndo sisi. Leo naandika siku yangu nzima, ni Jumatano katikati ya mwezi wa kumi, msimu wa matamasha umeshachanganya na kila siku ukumbi una kitu.

Saa 12:30 asubuhi. Giza totoro. Kipindi hiki jua linachomoza saa mbili na kidogo, na leo kuna ile mvua ya upepo inayokupiga ubavuni mwavuli hausaidii kitu. Chai, mkate, natoka. Nakaa Zuidoost kwa hiyo ni metro mpaka Zuid, halafu tramu namba 5 mpaka Museumplein. Majani yamejaa kwenye reli, yamelowa, tramu inaenda taratibu.

Saa 1:45 nipo mlango wa wafanyakazi. Ukitazama jengo kwa mbele utaona kinubi cha dhahabu juu ya paa na jumba la makumbusho la Rijksmuseum ng'ambo ya uwanja, leo hii ni katikati ya mji kabisa, lakini walipokuwa wanajenga hapa palikuwa nje ya mji, majimaji matupu. Ukumbi ukafunguliwa tarehe 11 Aprili 1888 ukiwa umesimama juu ya nguzo za mbao 2,186 zilizopigwa kwenye tope, na miaka ya 1980 ikaonekana jengo linazama, ikabidi wabadilishe msingi wote huku matamasha yanaendelea juu. Hilo huwa nalifikiria sana nikiwa kule chini stoo.

Saa 2 kamili. Kazi ya kwanza sio viti, ni piano. Fundi wa kutyuni, yaani wa kuweka sauti za nyaya sawa, anakuja kabla ya watu kwa sababu anataka kimya cha kweli, na yeye akianza hakuna ruhusa ya kuburuza hata kiti kimoja, tunakaa pembeni tunagawana karatasi za mpango kwa kunong'ona. Na vuli ndo kipindi kigumu kwake. Wiki hizi ndo hita zinaanza kuwashwa, hewa ya ndani inakauka, lile bao kubwa la mbao lililo chini ya nyaya linasinyaa kidogo na sauti inashuka, halafu usiku wanaingia watu karibu elfu mbili na pumzi zao na nguo zilizolowa, unyevu unapanda tena. Kwa hiyo anatyuni asubuhi, anarudi jioni anagusa tena. Piano yenyewe ni Steinway ile kubwa ya modeli D, urefu sentimita 274, uzito kama kilo 480, magurudumu yake ni ya shaba na ukilisukuma unalisukuma kwa kiuno sio kwa mikono, wageni wote wa kazi hii wanafundishwa hilo kwanza.

Saa 3. Sasa viti. Usiku kuna vitu viwili: Konserto ya piano ya Mozart namba 23, halafu baada ya mapumziko Simfonia ya 4 ya Mahler. Kwa fundi wa jukwaa hizo ni dunia mbili. Mozart hapo ameandika fluti moja, klarineti mbili, fagoti mbili, honi mbili na watu wa nyuzi basi, hakuna obo, hakuna tarumbeta, hakuna ngoma. Mahler anataka fluti nne, obo tatu, klarineti tatu, fagoti tatu, honi nne, tarumbeta tatu, timpani, ngoma kubwa, matoazi, tam-tam, kinubi, na kundi kubwa la nyuzi. Tunapanga Mahler kwanza kwa sababu ndo kubwa, tunabandika tepu sakafuni pale miguu ya viti inapokaa, halafu tunapunguza kurudi kwa Mozart.

Kitu ambacho mtu wa nje hakijui ni kwamba kila kiti lazima kikaliwe. Nakaa, naegemea nyuma, nageuka kulia na kushoto kama anayevuta upinde, nanyanyuka. Kikilia hata kidogo nakitoa. Ukumbi huu ukiwa mtupu sauti inadumu sekunde kama 2.8 kabla haijafa, watu wakijaa inashuka mpaka kama 2.2, na hiyo ndo siri ya muziki kusikika mzito na mtamu humu ndani, lakini ukumbi hauchagui, unakuza violin na unakuza mlio wa kiti vile vile. Kiti ninachokipima kuliko vyote leo ni cha soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu. Kwenye hii simfonia mwimbaji anaimba sehemu ya nne tu, na usiku huu wamekubaliana aingie na kondakta, yule anayeongoza orkestra, tangu mwanzo, kwa hiyo atakaa pale mbele ya watu wote bila kufanya chochote kama dakika 45. Nimekibadilisha mara mbili. Chini yake naweka glasi ya maji, juu ya kitambaa.

Pembeni ya kiti cha kiongozi wa violin naweka kimeza kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa kizito. Hicho ni kwa ajili ya violin ya pili. Sehemu ya pili ya simfonia Mahler anataka kiongozi apige violin iliyopandishwa nyaya zote sauti nzima juu, itoe mlio mkali kama wa mpiga fidla wa barabarani, maana anayepiga pale ni Kifo mwenyewe. Huwezi kutyuni upya katikati ya shoo, kwa hiyo anakuja na violin mbili na anabadilishana humo humo. Kimeza kikikaa kushoto sana anapinda mgongo, kikikaa karibu sana goti linakigonga, kwa hiyo akifika anakaa, ananyoosha mkono macho yakiwa kwenye noti, na mimi nasogeza sentimita mbili mbili mpaka aseme hapo hapo.

Saa 4 mazoezi yanaanza. Hii simfonia ina historia na nyumba hii na ndo maana naipenda ikija mwezi huu. Oktoba 23, 1904, Mahler mwenyewe alisimama kwenye jukwaa hili akaiongoza mara mbili usiku mmoja, kabla ya mapumziko na baada ya mapumziko, ile ile simfonia, ili watu waisikie vizuri kwa sababu ilikuwa mpya na wengi hawakuielewa. Mengelberg, aliyekuwa kondakta wa hapa tangu 1895, ndo aliyempigania sana Mahler kwa Waholanzi. Naona ni heshima kubwa kwa wasikilizaji, kuwaambia kaeni, tunarudia, mpate nafasi.

Saa 5:30 natoka kwenye mazoezi naenda Kleine Zaal, ukumbi mdogo wa duara-yai wa viti 437, kupanga tamasha la mchana. Viti vinne, stendi nne, kibao cha chelo kwa ajili ya ule mguu wa chuma usiteleze, dakika kumi kazi imekwisha.

Saa 6:30 mchana. Hapa naomba mnisikilize hasa nyie mnaokaa Amsterdam, Almere, Den Haag na kote huko. Jumatano mchana, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa sita, huwa kuna tamasha la bure. Bure kweli, kama nusu saa hivi, angalieni tovuti yao kwanza namna ya kupata nafasi. Leo ni vijana wanaosoma muziki, kwarteti ya Haydn. Nimesimama nyuma mlangoni nikaona wazee wa kila wiki, wanafunzi na mabegi, na dada mmoja mwenye sare ya hoteli chini ya koti, nadhani ametoka zamu ya asubuhi, kaweka mfuko wake mapajani na kidole chake kinafuata mapigo kwenye mpini wa mfuko mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyemuuliza kavaa nini. Wengi wetu tunapita hapa na tramu tukiamini ndani sio pa kwetu, na mimi nakwambieni mlango uko wazi, ingieni.

Saa 8. Chakula, halafu nampigia baba mdogo Moshi, kule ni saa 9.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu, baridi imeshaanza huko?"
"Imeanza baba, leo mvua tangu alfajiri."
"Na leo mnapigiwa nini?"

Yeye anapiga tarumbeta usharikani, KKKT, kanisa letu la Kilutheri, kundi lao linapuliza kwenye misiba, harusi na Pasaka asubuhi, na ni mtu ambaye ukimwambia honi nne tarumbeta tatu anataka kujua wamekaa wapi na wanamwangalia nani. Nikamweleza. Akaniuliza kama wapuliza tarumbeta wa huku nao midomo inakauka msimu wa baridi, nikamwambia ndiyo baba, wanapuliza hewa ya moto ndani ya chombo muda mrefu kabla ya kuingia ili sauti isiwe chini. Akacheka, akasema kumbe ni sisi sisi.

Na kwakweli ni sisi sisi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, wakaja na zile nyimbo za Kilutheri ambazo tumeziimba kwenye kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana tangu tukiwa Sunday school, na Leipzig ndo mji ambao mtunzi Bach alifanya kazi kanisani kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750. Na waliojenga ukumbi huu ninaofanya kazi walichukua mfano wa ukumbi wa muziki wa Gewandhaus wa huko huko Leipzig, uliofunguliwa 1884, ukaja kuharibiwa kwa mabomu vita vya pili. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki huu haunihusu mimi mtoto wa Moshi, namwambia nimeanza kuusikia kabla sijajua kusoma, ukipulizwa kwa sauti nne katikati ya migomba.

Saa 11 fundi wa piano amerudi, kimya tena. Saa 12 jioni tunakula kantini, nje giza limeshaanza kushuka.

Saa 1:30 usiku milango. Hapa ndo vuli inaingia na watu. Makoti, mitandio, miavuli, chumba cha makoti kinajaa mpaka juu, na wenzangu wa kule chini wanafanya kazi kubwa kuliko wanavyoshukuriwa, maana kila koti zito linalobaki ukumbini linakunywa sauti. Halafu kikohozi. Mwezi wa nane huwezi kukisikia, ikifika wa kumi kila sehemu tulivu ina mtu anakohoa. Ombi langu kama ukija: pipi ya koo ifungue kabla, lile karatasi ukilifungua polepole ndo linapiga kelele muda mrefu zaidi.

Saa 2:15 usiku tunaanza. Msanii anayekuja hapa haingii kwa pembeni, anashuka ngazi ndefu zenye zulia jekundu kutoka juu kabisa nyuma ya jukwaa, watu wote wanamtazama, na aliyevaa gauni refu anashuka kwa hesabu. Kwa kuwa Mozart hajaweka obo ya kutoa A, ile noti ya kutyunia, kiongozi wa violin anaibonyeza A kwenye piano na wote wanatyuni kutoka hapo. Sehemu ya pili ya hii konserto, ile ya taratibu, sijawahi kuizoea. Sauti chache sana, piano kama inaongea na mtu mmoja.

Mapumziko ndo mtihani wetu. Piano linaondoka, kiti cha kondakta na boksi lake vinasogea, viti vya nyuzi vinaongezeka mpaka kwenye tepu, stendi za wapulizaji zinaingia, kimeza, kiti cha soprano, kengele. Zile kengele wanazofungwa farasi wa kuvuta sleji kwenye theluji ndo zinafungua simfonia pamoja na fluti, na kwa mpigaji tunaweka sponji nene mezani ili akizilaza zisilie. Hatukimbii, hatuongei, kila mtu anajua safu yake. Tunamaliza, mkuu wetu anazunguka mara moja na karatasi, ananyanyua kidole gumba.

Mahler nausikilizia nyuma ya mlango. Dakika zote zile soprano amekaa, na kiti hakikutoa neno. Alipoinuka kuimba, ule wimbo wa mtoto anayeeleza mbinguni wanavyokula na kucheza, mimi nilikuwa nimeshika kitasa, na nikasikia maneno yote wazi kabisa. Inaisha chini kabisa kwa kinubi na besi, na leo watu hawakukohoa, jamani, hakuna hata mmoja, mpaka kondakta aliposhusha mikono. Halafu ndo wakasimama, makofi, mlango unafunguliwa unafungwa unafunguliwa, ngazi juu ngazi chini, maua.

Saa 4:30 usiku ukumbi mtupu na sisi tumerudi na mikokoteni. Kesho kuna kwaya na orkestra, kwa hiyo kinubi kinafunikwa, stendi zinahesabiwa, tepu za leo zinang'olewa zote, na tunaanza kupandisha majukwaa ya ngazi ya kwaya usiku huu huu kwa sababu mazoezi yao ni asubuhi. Kiti cha soprano nimekiweka stoo pembeni na nimekiandika namba kwa chaki, Ijumaa kuna mwimbaji mwingine.